Yakuti ya Mwisho

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimebadilisha mrija wa mashine asubuhi. Ule wa zamani umelika mdomo, umekuwa kama yai badala ya duara. Umefanya kazi yake. Nimempa Adeer Dahir, ameutia mfukoni pamoja na mingine. Hajawahi kuniambia anaitaka ya nini.

Adeer Dahir ni mlinzi wetu, msaidizi wetu na mpika chai wetu. Alichunga ngamia upande wa Bura hadi goti lilipokataa. Si ndugu wa damu. Namwita adeer, baba mdogo, naye ananiita adeer. Ndivyo tulivyo, mzee humrudishia mtoto jina lile lile. Nilipokuwa chuoni Nairobi nilijaribu kuwaeleza wenzangu jambo hili. Walicheka. Nikaacha kueleza.

Joto limeanza mapema. Mabati yanalia. Karakana inanukia vizuri tangu wiki jana, harufu ya nyumba ya Ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, nilipokuwa mdogo. Sijui inatoka wapi. Imenituliza.

Adhuhuri amekuja Habaryar Saadia. Ni dada mdogo wa mama na ndiye mwenye mashine. Aliinunua ikiwa imetumika, watu wakamcheka: unakata chuma na mawe kwa maji, hapa Garissa, mahali ambapo maji yenyewe hayatoshi? Akainunua hivyo hivyo. Leo hakuketi. Amesema tangu wiki jana kazi mbili zimerudishwa, kingo zina meno. Amesema kuna mtu wa Nairobi anaitaka mashine, na Jumatatu ijayo anataka jibu. Mawe ya msikiti wa Masalani yakitoka safi kufikia Jumapili, mashine inabaki. Yasipotoka, inaondoka.

"Sikulaumu, habaryar," amesema. Naye hunirudishia jina ninalomwita. Afadhali angenilaumu.

Ikiondoka, nitabaki na cheti ukutani. Katika mji huu hakuna kitu kingine kinachohitaji yote ninayoyajua. Naipenda mashine hii. Nimeandika. Basi.


Jumanne, 7 Oktoba

Mawe ya Masalani ni ya mihrabu. Vibao vyeusi vya marumaru, na ndani yake nyota nyeupe za pembe nane. Tundu linakatwa kwenye jeusi, nyota inakatwa kwenye jeupe, moja inaingia ndani ya nyingine. Ukingo ukiinama hata kidogo, nyota haikai. Hakuna saruji ya kuficha aibu hiyo.

Nimekata moja ya majaribio. Juu safi. Chini imepanuka, ina mistari kama mchanga uliopigwa na upepo. Nimeitupa.

Adeer Dahir aliniuliza leo kwa mara ya kwanza kichwa cha mashine kinafanya nini. Miaka miwili tumekaa naye hapa na hakuwahi kuuliza. Nilifurahi kupita kiasi. Nilimchorea kwenye vumbi. Pampu inayabana maji hadi yanakosa pa kwenda. Yanaletwa juu ya kichwa. Pale kuna kito kidogo cha yakuti chenye tundu ambalo sindano ya kushonea haipiti. Maji yanatokea hapo yakiwa uzi, mbio kuliko sauti. Chini ya kito kuna chumba. Uzi ukipita chumbani unavuta hewa, na hewa inavuta mchanga mwekundu kutoka kwenye faneli. Maji na mchanga vinaingia kwenye mrija, vinanyooka, vinatoka chini kukata jiwe.

"Sasa ni maji inakata ama ni mchanga?"

"Mchanga, adeer. Maji ni mbio tu."

"Kumbe maji ni ngamia. Mchanga ndio mzigo."

Nimekaa na jambo hilo mchana wote. Ngamia akiyumba, mzigo unayumba. Basi angalia ngamia kwanza. Nimefunga mchanga, nimetoa mrija, nimewasha maji peke yake. Uzi mzuri unafanana na kioo, umesimama, huoni kwamba unakwenda. Wa leo ulikuwa umechanika pembeni kama fagio.

Kwa hiyo ni kito. Ndani ya sanduku nilikuwa navyo vitatu. Nimeweka kimoja. Uzi ukawa kioo. Nikamwita Adeer Dahir aone. Tukasimama tukiutazama kama watu wanaotazama mtoto akilala.

Saa moja baadaye, fagio.


Jumatano, 8 Oktoba

Kito cha pili kutoka sandukuni kimeingia. Nimeanza upya, polepole, bila kudhani lolote.

Kiti cha kito: safi. Nimekifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Sikupaka grisi. Kukaza: kwa kipimo, si kwa hasira. Tundu la kuvujia kwenye shingo ya kichwa: kavu, kwa hiyo hakuna maji yanayotoroka kando. Mchanga: labda una unyevu. Nimeuchekecha wote na kuuanika juani. Mpira wa mchanga: nimeuchomoa maji yakiwa yanakimbia, nikaziba mdomo wake kwa kiganja. Umevuta vizuri, hadi ngozi ikauma. Mrija ni mpya na umenyooka. Kila kitu kiko sawa.

Na uzi umechanika tena, adhuhuri.

Vitu vyote vikiwa sawa na kazi ikawa mbovu, basi kuna kitu sikioni. Sipendi sentensi hii.

Adeer Dahir ameleta maziwa ya ngamia ndani ya dhiil yake, chombo kile cha nyuzi kilichosukwa na mkewe kabla hajafa. Alinimiminia kikombe. Akasema maji yangu iko na hasira, na mimi pia niko na hasira, na wenye hasira wawili hawachoti kwenye kisima kimoja. Akasema kunywa kwanza, adeer.

Nikamwambia aniache. Nikamwambia, wewe unajua nini kuhusu kitu hiki?

Mbele ya dereva wa lori aliyekuwa anasubiri vyuma vyake. Mzee yule alikifunika kikombe kwa kifuniko cha sufuria ili inzi wasiingie, akakiacha pale karibu na mkono wangu, akaenda kuketi langoni.

Sikuyanywa. Jioni yalikuwa yameganda. Nina aibu.


Alhamisi, 9 Oktoba

Kimebaki kito kimoja. Vingine vikiagizwa vitachukua wiki nyingi kufika. Sitaweka cha mwisho mpaka nijue ni nini kinachoviua.

Nimejaribu kukata kwa kito kilichochakaa, kwa mwendo wa kobe. Nyota imepasuka pembe.

Nimelia chooni. Dakika tano. Nimenawa uso, nimerudi.

Adeer Dahir hakuleta maziwa.


Ijumaa, 10 Oktoba

Tunafunga kabla ya swala, lakini nilifika alfajiri. Nilikuwa nimeazima lenzi ya fundi saa wa sokoni. Nimevipanga vito vitatu vilivyokufa juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha.

Cha kwanza: ukingo wa tundu umemeguka. Cha pili: umemeguka mahali pengine. Cha tatu: haujameguka sana, ila kando yake kuna doa. Jeusi. Dogo kuliko nukta ninayoiandika hapa.

Nimeligusa kwa ncha ya pini, nikalipangusa kwenye karatasi. Limeacha mstari mweusi. Kutu ingeacha hudhurungi. Mpira ungevutika. Hiki ni kitu kinachosagika. Makaa.

Makaa, ndani ya maji niliyoyachuja mwenyewe.

Nimefungua kichujio. Cheupe upande wa kutokea, hakuna jeusi hata moja. Basi makaa hayakupita kichujioni. Yaliingia baadaye. Na baada ya kichujio kuna kitu kimoja tu kabla ya pampu: pipa la chuma. Maji ya bomba huja kwa zamu, na yakija ni rangi ya mto Tana na hayana nguvu. Kwa hiyo huwa nayachuja polepole na kuyaweka pipani yasubiri kazi. Mpango wangu. Nilijivunia nilipouchora.

Nimefunua pipa.

Harufu ya nyumba ya Ayeeyo.

Nimesimama na kifuniko mkononi sijui kwa muda gani. Nilikuwa na miaka sita tena. Ayeeyo anashika kijiti kinachowaka kaa, anakisugua ndani ya dhiil, anaifunga ijae moshi, anaipangusa, ananipa ninuse. Maziwa hayaharibiki haraka ndani ya chombo kama hicho, na mgeni akinywa hujua ameingia nyumba ya mwanamke safi. Chombo ambacho hakijafukizwa, kwetu, ni chombo kichafu. Hata ukikiosha mara saba.

Nikakumbuka. Siku kumi zilizopita niliona ukungu ndani ya pipa. Nilimwomba Adeer Dahir alioshe. Nakumbuka nilivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nilidhani nimesema vizuri: adeer, pipa hili liwe safi kuliko chombo cha maziwa.

Alifanya nilichomwagiza.

Hakuwepo leo asubuhi. Ijumaa hukaa kwa binti yake. Nimefunga, nimekwenda nyumbani, sikumwambia mtu. Kosa la kwanza ni langu: pipa halipaswi kuwa baada ya kichujio. Kosa la pili ni langu pia: nilimpa amri kwa lugha ya maziwa. Halafu nikamuuliza anajua nini.


Jumamosi, 11 Oktoba

Nilimwambia mapema kabla ya chai, nikiwa nimeketi chini sawa na yeye. Nilianza na msamaha wa Jumatano. Akapunga mkono kama anayefukuza inzi. Kisha nikamweleza kuhusu pipa.

Aliangalia mashine, akaangalia mikono yake.

"Nimeua yakuti yako?"

"Tumeua, adeer. Mimi na wewe."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akasema inna lillahi kama watu wamekufa. Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza kama Saadia anajua. Nikasema hapana. Akaenda kuvuta pipa kwa goti lile lile bovu, nikamkimbilia.

Ninajua anaogopa nini. Mwezi uliopita Habaryar alisema mbele yake kwamba karakana yenye mashine kama hii haitaki mzee, inataka mtu aliyesoma. Alisema kwa utani. Hakuna aliyecheka sana.

Kazi ya leo: tumemwaga maji yote. Nimesugua pipa kwa sabuni, nikasuuza, nikarudia. Adeer Dahir amesuuza mara saba, kwa kuhesabu, nami sikumzuia. Nimekata bomba na kuhamisha kichujio. Sasa maji yanatoka pipani ndipo yanachujwa, kisha pampu. Pampu itangoja kidogo. Ingoje. Nimefungua bomba linalopanda kichwani na kuacha maji yakimbie bila kito, nusu saa, kwenye ndoo nyeupe. Mwanzoni kulikuwa na chembe tatu nyeusi chini ya ndoo. Mwishoni hakuna. Adeer Dahir alipiga magoti na kukagua ndoo kwa lenzi ya fundi saa, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi. Nilitamani kumpiga picha. Sikumpiga.

Kisha yakuti ya mwisho. Nimenawa mikono hadi viwiko kama ninayekwenda kuswali. Nimeitia kitini. Nimekaza kwa kipimo. Maji peke yake kwanza, bila mchanga, bila mrija.

Kioo.

Saa moja. Kioo. Saa mbili. Kioo bado.

Adeer Dahir alisema hata ngamia wake mwembamba kuliko wote asingepita tundu hilo. Nikamwambia ngamia hakupita, ila moshi wa mwenye ngamia ulijaribu. Hapo ndipo alipocheka.

Nimerudisha mrija, nimefungua mchanga, nimekata nyota moja. Kwenye marumaru unaanza na nguvu ndogo, vinginevyo jiwe linapasuka mahali pa kutobolea. Ukishatoboa ndipo unaongeza. Mwendo wa polepole pembeni. Nyota imetoka imenyooka juu hadi chini.

Nimeamua kumwambia Habaryar kwamba kichujio kilikuwa mahali pabaya. Ni kweli. Ni nusu ya kweli. Nusu nyingine nitaibeba mwenyewe.


Jumapili, 12 Oktoba

Tumekata tangu saa kumi na mbili asubuhi. Adeer Dahir alikuwa anapokea nyota zikitoka majini, anazipangusa, anazilaza kwenye blanketi. Kila nyota tano nilikuwa nasimamisha mashine na kuangalia uzi peke yake. Kioo.

Habaryar Saadia amekuja saa tisa na buibui lake jeusi la safari na simu mkononi. Ameuliza tatizo lilikuwa nini. Nimefungua mdomo kusema kichujio.

"Saadia, ni mimi," Adeer Dahir amesema. "Nilifukiza pipa."

Nilitaka ardhi inimeze. Habaryar alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Ulifukiza pipa la mashine?"

"Kama dhiil. Na kijiti."

"Kijiti cha mti gani?"

Akamtajia. Hakuinamisha kichwa. Habaryar akaenda hadi kwenye pipa, akafunua, akatia uso ndani kwa muda mrefu.

"Mmeosha hadi halina harufu," akasema kutoka ndani ya pipa, na sauti yake ilikuwa ya ajabu, nikadhani analia. Alipotoka alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Akasema mama yake, Allah amrehemu, alifukiza chupa ya chai, alifukiza jerikeni, mwaka mmoja alifukiza thamosi ya mgeni ikayeyuka mdomo. Lakini hata yeye, wallahi, hakufukiza mashine.

Kisha akaacha kucheka. Akanigeukia.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia?"

"Nusu."

"Habaryar, hii karakana ni yangu. Nusu usiniletee. Mzee huyu ana goti moja tu zima na amesimama juu yake kuniambia yote." Halafu kwa Adeer Dahir, bila kugeuza uso: "Na wewe, usifukize kitu chochote chenye stima."

"Sitafukiza."

Alichukua nyota kutoka kwenye blanketi. Hakuchagua, alichukua iliyokuwa karibu. Akaishusha kwenye tundu la kibao cheusi. Iliteremka polepole, kama inayofikiri, ikakaa. Akajaribu kuingiza ukucha kati ya jeupe na jeusi. Ukucha haukuingia. Akajaribu pembe nyingine. Akajaribu zote nane.

Akatoka nje na simu. Niliisikia sauti yake kupitia mabati. Salamu ndefu, habari za watoto, habari za mvua. Halafu, kwa Kiswahili chake kile cha biashara: "Ile mashine haiuzwi. Hapana. Hapana, ndugu yangu, hata hiyo bei. Iko na kazi."

Adeer Dahir alikuwa anapangusa nyota ambayo ilishakauka. Aliendelea kuipangusa.


Jumatatu, 13 Oktoba

Vibao vimepakiwa. Pikapu imeondoka kwenda Masalani saa mbili asubuhi. Adeer Dahir alisisitiza aende nayo. Alikaa mbele na sanduku la nyota mapajani, amelifunga kwa shuka yake, na alikataa kuliweka chini. Dereva alimtania kwamba mzee amepata mke mpya. Akamwambia endesha taratibu, wewe, huyu ni bikira.

Karakana kimya. Nimesafisha kichwa. Nimeagiza vito. Nimebandika karatasi ya onyo juu ya pipa, nikaiondoa. Hahitaji karatasi.

Nimemkumbuka mchana kutwa.


Jumatano, 15 Oktoba

Amerudi jana jioni. Anasema nyota zote zimekaa. Anasema imamu alipitisha kiganja juu ya jiwe akiwa amefumba macho na hakujua jeusi linaishia wapi. Anasema yeye mwenyewe aliswali rakaa mbili pale na kwamba sahau ilimwingia, akawa anahesabu nyota.

Leo nimemuuliza mirija iliyochakaa huwa anaipeleka wapi. Amenionyesha. Ameitundika kwa kamba juu ya mlango wa binti yake. Upepo wa mto ukija inagongana. Wajukuu wanalala, amesema.

Kichujio kina madoa ya hudhurungi. Tana tu. Hakuna jeusi.

Saa nne ameuliza kama nataka chai. Nimempa kikombe changu, kile cha bati, nikamwomba akifukize kwanza. Amenikazia macho kuona kama namtania. Sikuwa namtania. Amekwenda nyuma ya ukuta, mbali na mashine, mbali kabisa, nikaona moshi mwembamba ukipanda.

Chai ilikuwa na ladha ya moshi hadi mwisho. Nimeinywa yote. Kisha tumewasha pampu.